Kiti cha Mama Mkwe

Jumapili, Machi 2

Kesho tunaanza, na sina wasiwasi hata chembe. Naandika hivyo hapa mwanzoni kabisa ili nikija kulia huko mbele nijisome na kujicheka.

Kampuni ni sisi watu watatu. Mimi naandika na kuongoza. Mume wangu anarekodi sauti. Tunamwita Masikio, na hata mama yake humwita hivyo akiwa amemkasirikia. Dada yake, wifi yangu, ndiye jicho letu. Kamera ni yake, taa ni zake, na ukiisogeza taa yake kidogo tu, atajua. Miaka yote hii tumepiga harusi, mahafali na matangazo ya magodoro. Sasa tunatengeneza tamthilia yetu wenyewe, sehemu sita, kuhusu ndugu watatu wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Yote inatokea ndani ya nyumba, ndiyo maana tumechagua msimu wa mvua: wenzetu wamejikunyata majumbani, vifaa vya kukodi havigombaniwi, na waigizaji wazuri wamekaa bure.

Nyumba ya kupigia picha ametupa mama mkwe, hii hii tunamoishi naye, tena kwa sharti. Wifi aliacha kazi kwenye ofisi ya bima mwaka jana, na bosi wa pale, rafiki wa marehemu baba mkwe, bado amemwekea meza yake mpaka mvua ziishe. Mama alituweka kitako wote watatu. "Nyumba chukueni," akasema. "Lakini mvua zikiisha na stesheni ya televisheni haijaichukua hiyo michezo yenu, huyu anarudi ofisini. Nyie wawili mlishaharibika, sina la kuwafanya. Huyu bado anaponyeka."

Wifi akakubali bila kupepesa macho. Mimi nilimeza mate. Wifi akirudi ofisini, kampuni imekufa. Mimi naweza kuandika kutwa kucha, na Masikio anaweza kurekodi hata mchwa akitafuna mlango, lakini nani atakuwa jicho letu?

Jumatatu, Machi 3

Siku ya kwanza, safi kabisa. Sebule ya Mama imependeza kwenye kamera kuliko nilivyoota. Mwigizaji wetu mkuu, tunayemwita Waziri kwa anavyopenda suti, ameingia na ndevu zake na kugombana na wadogo zake wa hadithi mpaka mimi mwenyewe nikataka kuwaamulia. Wifi alikuwa nyuma ya kamera, ulimi ameuuma kwenye kona ya mdomo kama kawaida yake kazi ikikolea. Hata hajui kwamba anauuma.

Mwisho wa kila tukio Masikio anatusimamisha wote dakika nzima bila kupumua kwa nguvu, arekodi kimya cha chumba. Anasema kila chumba kina kimya chake, na bila hicho sauti hazishonani. Tumesimama kama nguzo, mvua haijaanza bado, kimya kizuri cha kulipia, mara sauti ya Mama: "Mmekunywa chai nyie?"

Masikio alishika kichwa. Tukarudia.

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza. Kazi. Mvua.

Jumatano, Machi 5

Tumemaliza matukio yote ya Waziri mwenye ndevu. Jioni amenyoa, maana kwenye hadithi anabaki kidevu kitupu mpaka mwisho. Bila ndevu anafanana na mtoto wa shule aliyefukuzwa darasani.

Jumamosi, Machi 8

Nimecheka, nimelia, nimecheka tena. Nieleze polepole.

Leo tulikaa mimi na wifi kwenye chumba cha nyuma kuangalia kazi ya siku tatu za kwanza. Tumeangalia asubuhi nzima. Tumesifiana. Nilimwambia lile dirisha lenye mwanga nyuma ya Waziri litanitoa machozi, naye akajifanya hamnazo ili nirudie kusifu. Masikio akaingia na vikombe, akatupia jicho kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Kumbe na Mama mmempa nafasi?"

"Mama gani?"

Akaweka kidole. Kwenye pembe ya sebule, nyuma ya Waziri, kwenye kiti chake cha siku zote, Mama amekaa anafuma kitambaa cha uzi wa kijani. Yumo kwenye tukio la kwanza. Yumo kwenye la pili. Yumo kwenye yote, siku tatu, ametulia tuli huku watu wakitukanana mbele yake.

Hatukumwona! Wifi amemwona mama yake kwenye kiti hicho tangu azaliwe, kwa hiyo jicho lake linalokamata hata nzi ukutani lilimpita. Mimi nimeolewa humu, nami nimezoea. Masikio yeye husikiliza tu. Nikampigia Waziri simu kumuuliza mbona hakusema neno. "Si bibi wa hadithi yule?" akaniambia. "Nilidhani ndio uandishi wako. Nikasema, huyu mama wa kampuni ana akili sana."

Kurudia haiwezekani. Ndevu zimekwenda na maji.

Jumapili, Machi 9

Tumekwenda kwa Mama kumuuliza. Tulikuta anafuma.

"Mama," nikaanza kwa adabu zote, "tulisema siku za kazi ukae chumbani."

"Mlisema nisipite mbele ya kamera. Nilipita?"

"Hukupita, Mama."

"Nilikaa. Kiti si changu?"

Masikio akatoka nje kwenda kucheka. Nikamweleza kwamba sasa lazima awepo kwenye kila tukio la sebuleni mpaka mwisho, awe bibi wa nyumba, nami nitamwandikia maneno mawili matatu. Akaweka sindano chini.

"Kukaa nitakaa. Maneno ya kuambiwa sisemi. Tangu nizaliwe nasema ya kwangu."

Nitaandika ninachofikiri, kwa kuwa daftari ni langu: alifanya makusudi. Anataka binti yake arudi kwenye meza ya bima, na njia rahisi ni kutuvurugia. Amekaa pale kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Nilimwambia Masikio, akanuna. Ni mama yake, namwelewa.

Jumanne, Machi 11

Balaa jipya: kitambaa. Sisi hatupigi matukio kwa mpangilio wa hadithi; leo sehemu ya tano, kesho ya pili. Kitambaa cha Mama chenyewe kinakua kila siku. Ukifuatanisha, kwenye sehemu ya kwanza kinamfika magotini, ya pili kimebaki kama leso, ya tatu kinaburura chini. Wifi akamwomba afumue kidogo ili kilingane.

"Nifumue kazi yangu kwa ajili ya uongo wenu?"

"Mama, ni mistari michache."

"Ungeujua mgongo wangu usingeita michache."

Tukapiga akiwa amekikalia. Inaonekana kama bibi ameketi juu ya majani.

Ijumaa, Machi 14

Mvua juu ya bati kutwa. Masikio kavaa visikilizio vyake vya masikioni na sura ya msiba. Hatukupiga hata tukio moja. Tumecheza karata, Waziri anaiba.

Jumatatu, Machi 17

Asubuhi nimemkuta Mama sebuleni kabla yetu. Ameshafumua. Hakuna aliyemwambia. Ameuliza tu, "Leo ni ile siku wanayogombania funguo, sivyo? Basi kitambaa kilikuwa kinaishia hapa," akaonyesha goti. Nilikagua kwenye picha: yuko sahihi. Nimejikuna kichwa. Mtu anayetaka kutuharibia hafumui kazi ya wiki mbili.

Lakini kosa lingine limejitokeza. Anaangalia kamera. Si moja kwa moja, lakini karibu sana. Watu wakigombana mbele yake, yeye anatazama huku tuliko sisi. Nimemsihi awaangalie waigizaji. "Nawaangalia," anasema. Hawaangalii. Anafuma, anainua macho, anatazama huku, anafuma.

Jumanne, Machi 18

Kazi nzuri. Na kwenye dakika ya kimya, mwenye gari nje alipiga honi, Mama akatoka na sindano yake mkononi. Honi haikurudi.

Alhamisi, Machi 20

Tulipeleka sehemu ya kwanza stesheni. Mkuu wa vipindi ni mama mmoja wa makamo, msikivu, anayeangalia picha akiwa amefunga mikono kifuani na hasemi lolote hadi mwisho. Alimsifu Waziri. Alilisifu dirisha, wifi akavimba kama andazi. Halafu akauliza, "Na huyu bibi wa pembeni?"

Tukatazamana.

"Nimemwangalia yeye muda wote," akasema. "Kila akiinua macho nangoja jambo, na jambo haliji. Mtu akikaa kwenye picha sehemu sita bila kufanya kitu, mtazamaji atajiona ameibiwa. Ama afanye kitu, ama mwondoeni. Nileteeni zote sita mwezi ujao, nitawapa jibu moja tu."

Tulirudi nyumbani kwenye mvua tukiwa kimya, na si kile cha kulipia.

Ijumaa, Machi 21

Ugomvi mkubwa leo. Nauandika wote.

Tulikuwa chumba cha nyuma, sisi watatu. Mimi nilisema tumbembeleze Mama akubali maneno machache. Masikio akasema ni rahisi zaidi kubembeleza ukuta. Wifi, aliyekuwa amekaa mbele ya kioo, akasema, "Mimi naweza kumtoa."

"Kumtoa vipi?"

"Nakuza picha. Kila tukio la sebule nalisogeza karibu, pembe ile inatoka nje. Inachukua wiki, lakini inawezekana."

Akatuonyesha. Kweli Mama akatoweka. Akatoweka na mkono wa kulia wa Waziri, na nusu ya lile dirisha ambalo wifi aliliwekea taa nusu siku huku sisi tukipiga miayo. Picha zilikuwa zimebanwa kama watu waliojazana kwenye lifti.

"Unaua kazi yako mwenyewe," nikamwambia.

"Ife. Ni yangu."

"Wifi, fikiri kwanza."

"Nimefikiri!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Kila nikifanya kitu maishani, yeye yuko pembeni amekaa, anangoja nishindwe anipeleke ofisini. Hata ndani ya picha yangu amekuja kukaa na kungoja. Bora picha mbovu iliyo yangu mwenyewe kuliko nzuri aliyokaa ndani yeye. Atoke."

Masikio akasema kwa upole, "Dada..." na hapo hapo tukaona mlango uko wazi. Mama amesimama na sinia la vikombe. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Uso wake haukuonyesha kitu. Akaja, akaweka sinia mezani, akageuza vishikio vya vikombe vituelekee, kila mmoja chake.

"Chai hii," akasema, akatoka.

Wifi alijifunika uso. Nilisema siku ya kwanza sina wasiwasi hata chembe. Basi leo ninao, tena debe zima.

Jumamosi, Machi 22

Mama hakuja sebuleni. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na tulipobisha alijibu tu, "Endeleeni, nimeshatoka kwenye picha." Wifi alisimama pale mlangoni kwa muda, mkono juu, asibishe tena.

Mvua ilikuwa kubwa, bati linanguruma, hakuna kazi. Waigizaji walisinzia jikoni. Wifi, kwa kukosa la kufanya, akaanza kusafisha lenzi zake nyuma ya kamera. Mimi nikaenda kwenye pembe ile kufikiri namna ya kulijaza pengo, na kwa uchovu nikaketi. Mara yangu ya kwanza kukalia kiti kile. Miaka tisa nimeolewa humu, sijawahi kuthubutu.

Nikainua macho. Meza ya waigizaji haionekani vizuri kutoka pale. Kabati linaificha nusu, na Waziri akikaa mahali pake ungeona mgongo tu. Ugomvi wote tuliopiga, siku zote hizo, Mama hakuuona. Kiti kile kinaelekea kitu kimoja tu. Kinaelekea pale kamera iliposimama, na kutoka pale nilimwona wifi mzima mzima, uso wote, mwanga mdogo wa kioo cha kamera ukimwangaza kidevuni. Alikuwa anafuta lenzi, ulimi kauuma.

Nilibaki nimekaa. Kumbe Mama hakuwa akiangalia kamera kamwe. Alikuwa akimwangalia binti yake akifanya kazi. Nami nilimwita mharibifu humu humu kwenye daftari hili. Nimeona haya, nikafurahi, nikaona haya tena.

Jumatatu, Machi 24

Nimeandika tukio la mwisho upya. Mwenzetu anayeigiza mdogo wa mwisho, tunamwita Kitinda, kwenye hadithi amekuwa mezani akihangaika kuitengeneza redio ya marehemu baba yake. Kaka zake wameondoka. Anageuka, anamwona bibi pembeni kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, anamuuliza: "Siku zote umekaa hapo. Ulikuwa unaangalia nini?" Basi. Jibu sikuliandika.

Nilikwenda chumbani kwa Mama peke yangu, nikakaa kwenye mkeka. Nikamwambia nimekalia kiti chake.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Mama. Na nimeona kinachoonekana kutoka pale."

Sindano zikasimama. Nikamweleza kuhusu tukio, kwamba ataulizwa swali moja na maneno yatakuwa yake mwenyewe, na akitaka kunyamaza anyamaze. Alifikiri sana. "Atakuwepo nyuma ya kamera?" akauliza.

"Nani mwingine, Mama?"

"Kitambaa kiwe kirefu kiasi gani?"

Wifi sikumwambia nililoliona. Ningemwambia angeiharibu kwa kujiandaa. Mume wangu nilimwambia, akaenda kuoga kwa muda mrefu sana.

Alhamisi, Machi 27

Bati limetunyamazia mchana kutwa. Nasema tumepewa.

Mama alikaa mahali pake. Wifi alimsalimia, Mama akaitikia, na hawakusemezana zaidi. Wifi alikuwa amejiandaa kupiga tukio moja na kulifuta baadaye kama ingebidi. Kamera, sauti, anza. Kitinda akafungua redio, akahangaika na nyaya, akageuka, akauliza swali lake taratibu. "Siku zote umekaa hapo. Ulikuwa unaangalia nini?"

Mama alifuma kidogo. Kisha akainua macho, akatazama pale pale anapotazamaga.

"Nilikuwa naangalia mdomo wako."

Kitinda akangoja. Anajua kazi yake yule.

"Kazi ikikukolea unauma ulimi," Mama akasema. "Hapa kwenye kona. Hujui, lakini unauma. Marehemu baba yako akishika kazi ya mikono alikuwa hivyo hivyo, nilikuwa namwambia, ipo siku utaumeza. Alipokufa nikasema basi, sitauona tena ule ulimi." Akavuta uzi. "Ofisini kwako nimekuja mara nyingi. Nimekuletea chakula, nimekuletea mwavuli. Nilikuwa nakuchungulia kwanza kabla sijaingia. Hukuuma hata siku moja. Hapa unauma kila siku."

Sikusema kata. Nilimtazama wifi: machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na kamera haikutikisika hata unywele mmoja. Ulimi alikuwa ameuuma.

Kitinda aliurudia mgongo wa redio yake, akakunja uso, akauma ulimi. Hapo ndipo nikasema kata.

"Kimya cha chumba," akasema Masikio kwa sauti iliyopasuka. Tukasimama wote. Mama naye akasimama, sindano kaikumbatia kifuani, hakuuliza habari za chai. Dakika ile nzima kuna mtu anavuta kamasi kwenye rekodi. Ni Masikio mwenyewe.

Ijumaa, Machi 28

Kitinda kwenye hadithi hana ofisi! Nimekurupuka asubuhi na hilo. Tumeongeza mstari mmoja sehemu ya pili: kaka yake anamcheka kwa kuacha ofisi nzuri. Tumepiga kabla ya chakula. Mama alifumua mpaka urefu wa sehemu ya pili bila kuombwa.

Jumamosi, Aprili 5

Wifi anahariri, anaimba. Picha zote ziko wazi kama zilivyokuwa, mkono wa Waziri umerudi, dirisha limerudi, Mama yupo. Mvua zimeanza kuchoka.

Jumanne, Aprili 15

Wameichukua. Zote sita. Mkuu wa vipindi aliangalia amefunga mikono, mwishoni akaifungua na kutafuta leso kwenye mkoba. "Nani aliandika yale maneno ya bibi?" akaniuliza. Nikasema hakuna aliyeandika. Akafikiri najidai mnyenyekevu. Watu hawanijui.

Tulirudi nyumbani, jua limetoka, barabara inafuka mvuke. Wifi akasema kabla ya yote ampigie simu bosi wa bima, amshukuru na kumwambia meza ampe mtu mwingine. Tulisimama barazani tukisikiliza upande wake tu. Alisalimia. Akaanza kueleza. Akanyamaza. Akasema, "Lini?" Akashukuru, akakata simu, akatutazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Meza alishaipa mtu," akasema. "Mama alimpigia simu mwezi uliopita."

Tuliingia sebuleni wote watatu. Mama yuko kitini, anafuma.

"Mama, ulimpigia simu lini?"

"Ile siku niliyowaletea chai."

Ndiyo ile siku wifi aliposema Mama atoke kwenye picha.

"Nilikusikia," Mama akasema, wala hakuinua macho. "Iliniuma, sisemi uongo. Nikaenda chumbani nikafikiri. Nikasema, mtu anayeweza kumtoa mama yake mzazi kwenye picha kwa ajili ya kazi, huyo ofisini anarudi kufanya nini?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungelegea."

Masikio akacheka kwanza, nami nikafuata. Wifi hakucheka wala hakulia. Alikaa chini miguuni pa mama yake, akalichukua fundo la uzi wa kijani lililokuwa limejisokota kwa kufumuliwa msimu mzima, akaanza kulifungua polepole, huku Mama akifuma upande wa pili. Wote wawili hawakutuangalia tena. Ulimi alikuwa ameuuma.